Prudencia na Kisiwa cha Vigeugeu

Kabla Prudencia hajafika, sisi wanawake wa mapanki tulikuwa tunapigana. Sisemi kugombana. Nasema kupigana, kwa ndoo na kwa kucha. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, viwanda vya samaki vilikuwa vimeota kando ya ziwa kama uyoga, na kimoja kilikuwa upande wetu wa Pasiansi, Mwanza. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa, mfupa na mkia vilitolewa getini, tukavinunua sisi, tukavikaanga, tukaviuza mitaani. Hayo ndiyo mapanki. Aliyetangulia alipata yenye nyama shavuni. Aliyechelewa alipata mifupa ambayo hata paka angeinusa akaondoka.

Prudencia alitokea siku ambayo Antoni, mlinzi, alitufungia geti kwa sababu ya fujo. Alikuwa mwanamke wa Kihaya kutoka Kamachumu, mrefu, kitenge kimemkaa kama kilishonewa mwilini, na shavuni ana buni ya kutafuna. Aligeuza ndoo yake juu chini, akaikalia, akatutazama tunavyohema.

"Waitu, ndugu zangu, mimi mgeni," alisema. "Naomba kuuliza. Mnapigana ili mpate nini?"

"Tupate kuingia kwanza, mama," Odeta alimjibu. Odeta alikuwa Mjaluo wa Shirati na mdomo wake haukuwa na breki.

"Basi tupigane kwa kichwa."

"Kwa kichwa pia naweza," Odeta akasema, akainamisha kichwa kama beberu.

Tulicheka, na tulipokwisha kucheka tukakuta hasira imetutoka. Hapo ndipo Prudencia alipotupeleka kisiwani kwa mara ya kwanza.

Kule katikati ya ziwa, alisema, kuna kisiwa ambacho mtumbwi haukifikii ila umepotea njia. Wanaokaa kule wanaitwa vigeugeu. Yupo Furukombe, yule ndege mla samaki, yupo Kenge, yupo Kiboko, na wengine. Kila mmoja ana mwili wake aliozaliwa nao, lakini akitaka anauvua na kuingia mwili wa mwenzake, kama nyinyi mnavyoazimana kanga. Hakuna mwili unaobaki mtupu. Na sheria yao ni moja: kigeugeu akiwa ndani ya mwili wake mwenyewe husema kweli tupu. Akiwa ndani ya mwili wa kuazima husema uongo mtupu.

"Sasa," alisema, "mvuvi amepotea, ametua kisiwani. Mbele yake amesimama furukombe na kenge. Furukombe anamwambia, 'Sisi wawili tumebadilishana miili.' Mvuvi huyo, akiwa na akili, atafanya nini? Atakayejibu ndiye wa kwanza kuingia getini."

"Atakimbia," alisema Odeta.

"Akikimbia bila kutazama atagongana na kitu. Fikiri."

Mimi shule sikwenda. Baba alisema ng'ombe hawawezi kujichunga, na herufi nimezijua ukubwani, kwenye masomo ya jioni. Lakini machungani nilikuwa nikipotelewa na ndama nafuata njia moja mpaka mwisho, ikikataa narudi nafuata nyingine. Nikafanya vivyo hivyo. Tuseme furukombe huyu yumo mwilini mwake. Basi anasema kweli. Lakini anasema wamebadilishana, na aliye mwilini mwake hajabadilishana na mtu. Njia imekataa. Nikarudi. Basi yumo katika mwili wa kuazima, na anasema uongo. Uongo wake ni kwamba wamebadilishana wao wawili. Kwa hiyo amehama, lakini hawakubadilishana wao kwa wao. Lazima basi kuna mwingine kwenye mchezo huu, na mvuvi hajamwona.

"Atageuka nyuma," nikasema. "Yupo wa tatu."

Odeta aligeuka nyuma kweli, akatazama ziwa. Prudencia aliondoka kwenye ndoo yake, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya wote. Wengine aliwapa punje moja moja ya buni, kuwapooza. Nilikuwa na umri wa kuwa bibi, na siku ile ilikuwa ya kwanza watu kuniambia nimesema sawa.

Tangu hapo ndivyo foleni yetu ilivyopangwa. Kila asubuhi fumbo moja, aliyejibu kwanza anaingia kwanza, na wengine wanafuata kwa jinsi walivyokaribia jibu. Antoni naye alikuwa akisikiliza kutoka ndani na kujibu vibaya. Prudencia mwenyewe aliingia mwisho siku zote. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenye kisiwa hapangi foleni kwake.

Mafumbo aliyapata kwa bibi yake, msimu wa senene, wanapokaa jikoni wananyonyoa mbawa na miguu na mikono ina kazi lakini kichwa hakina. Aliolewa, hakujaaliwa mtoto, na mumewe alipoleta mwingine yeye alirudi kwao. Kwao kibanja cha migomba kilikuwa cha kaka zake, na wake wa kaka zake walimhesabia kila ndizi. Akapanda meli. Haya yote aliyasema siku moja tu, tukiwa tunageuza mapanki kwenye mafuta, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hakumlaani mtu. Mimi ningelaani. Mimi nilikuwa nalaani kila siku, kabla ya chai na baada ya chai, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumlaani.

Huyo alikuwa Luhende, mume wangu.

Tuliishi Misungwi, tukilima pamba, na tulikuwa na binti mmoja, Evelina. Luhende alikuwa mtu wa kukosoa. Ukisema ng'ombe aliyekufa alikuwa na baka jeupe atakwambia la, lilikuwa na ukijivu. Ukisema mvua ilinyesha Jumanne atakukatisha hata mbele ya wageni: Jumatano. Hawezi kusikia jambo limekosewa akanyamaza, inamwasha kama upupu. Hilo nililivumilia. Kisha akampata msichana wa Usagara, na mimi nikawa nimezidi nyumbani. Kunifukuza bure asingeweza, maana ndugu zake walinipenda na ng'ombe wa mahari wangekuwa na maneno. Asubuhi moja, yeye akiwa amesema jana yake anakwenda kuuza pamba na atalala huko, zikaonekana nyayo za fisi kutoka mlangoni kwangu mpaka zizini, na ndama amekufa.

Kwetu Usukumani husemwa mwanamke mchawi hugeuka fisi usiku, na neno kama hilo halihitaji mtu wa kulimalizia. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya kila mwanamke apikaye. Yakawa macho ya fisi. Mzee Ngosha, baba yake mdogo Luhende, alizitazama nyayo zile akatikisa kichwa. Baadaye ng'ombe walitolewa zizini wakazikanyaga zote. Luhende alirudi jua limepanda, akalia machozi, akasema hawezi kulala na mnyama.

Nikifunga mizigo yangu niliingia kihengeni kuchukua mtama wa njiani. Chini ya mtama mkono wangu uligusa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na mguu wa fisi, umekaushwa, mguu mmoja wa mbele wa kulia, ukucha wa pembeni umevunjika. Kitambaa kilikuwa kipande cha shati lake.

Mtaniuliza kwa nini sikutoka nje nikapiga kelele. Fikirini. Mwanamke anayeitwa fisi anatoka kihengeni kwake na mguu wa fisi mkononi. Nani angetazama shati? Niliurudisha chini ya mtama, nikaondoka na jina langu jipya. Evelina alibaki kwa mama yangu, Modesta, kijiji cha pili. Mimi nikaja Mwanza, nikakaanga samaki wa watu, kisha wangu, mpaka nikajenga Buzuruga vyumba viwili vya bati na mlango wa mninga. Mlango ule niliuchagua mwenyewe. Kila nilipoufunga jioni nilijisikia vizuri.

Sasa Luhende alirudi. Alikuja mchana, suti ya kijivu ya mtumba, tai, Biblia kwapani, nywele kachana. Yule wa Usagara alikuwa ameondoka na mtu wa dhahabu huko Geita. Luhende alikuwa ameokoka.

"Mama Evelina," alisema mlangoni, "mimi siyo yule. Yule amekufa. Nimebadilika."

"Umebadilika kweli?"

"Kweli kabisa. Ni mtu mpya."

Sikumkaribisha, lakini sikuweza kumfukuza pia, maana hakuja mikono mitupu. Alileta habari kwamba Evelina amepata mchumba, kijana wa mzee Chenge, mtu mwenye heshima. Kina Chenge walimpenda binti, ila walisita. Wanauliza damu ya mama. Luhende akasema mchungaji wake ameshazungumza nao: baba akimrudia mama na kukaa naye nyumba moja, wao wataona lile jambo la fisi limesafishwa, na watatoa mahari. Wazee watakuja Jumamosi, hapahapa kwangu, kushuhudia.

Basi mnaona alivyonifunga. Nikimpokea, mlango wangu unakuwa wake. Nikimkataa, mimi ni fisi mpaka kaburini, na Evelina ni mtoto wa fisi. Mama yangu alituma neno: mpokee, mwanangu, watu wanabadilika. Jirani zangu wa Buzuruga walisema hivyohivyo, tai ile iliwapendeza.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda getini. Prudencia alikuwa ametoa fumbo jipya na wenzangu walikuwa wanalitafuna.

Kisiwani kuna mto. Mtoni kuna mtumbwi, na ndani ya mtumbwi amekaa bibi kizee. Kama bibi yumo mwilini mwake atakuvusha. Kama ni kigeugeu mwingine ameazima mwili wake, atakuzamisha katikati. Una ruhusa ya swali moja.

"Namuuliza, bibi, wewe ni bibi kweli?" alisema Odeta.

"Akiwa wa kweli atasema nini?"

"Ndiyo."

"Akiwa wa uongo?"

"Atasema ndiyo pia. Mshenzi huyu."

Siku ile hakuna aliyejibu, tukaingia kwa umri. Tulipokuwa tunaosha samaki nilimweleza Prudencia habari zangu zote, hata za kihengeni, ambazo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipofika kwenye mguu aliacha kuosha.

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Kwa hiyo nyayo zote, za mbele na za nyuma, za kulia na za kushoto, zilikuwa za mguu ule ule? Na ukucha ule ule umevunjika?"

"Zote."

Alianza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, kisha ikamshinda. "Waitu, fisi wa mguu mmoja. Alitoka mlangoni mpaka zizini anaruka kama mtoto anayecheza kwa mguu mmoja."

Na mimi, niliyelia kwa nyayo zile miaka mingi, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye maji ya samaki. Nilikuwa sijawahi kulitazama hivyo.

"Sasa nipe jibu la mtoni," nilimwambia nilipotulia. "Ninalihitaji kabla ya Jumamosi."

"Jibu sikupi. Huyo Luhende ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama amebadilika."

"Akasema?"

"Ndiyo."

"Na asingekuwa amebadilika?"

Nilibeba ndoo yangu nikaenda na swali hilo nyumbani. Nililifikiri nikikaanga, nikaunguza sufuria moja. Nilifuata njia hii ikakataa, nikafuata ile ikakataa. Kila swali nililotaka kumuuliza yule bibi lilikuwa linahusu yeye, na mambo yake yeye ndiye anayeyajua, mimi siyajui. Nitampimaje kwa nisilolijua? Ijumaa, nikiwa nimesimama na ndoo kichwani nasubiri gari la mafuta lipite, jibu likaja lenyewe. Nisimuulize habari zake. Nimuulize habari zangu. Bibi, ndani ya ndoo hii niliyojitwisha mna nini? Mimi najua kuna samaki. Akisema samaki, nipande. Akisema mawe, nirudi nyumbani.

Jumamosi walikuja. Mzee Ngosha, amezeeka, fimbo mkononi. Mchungaji, kijana mpole. Mzee Chenge mwenyewe na mkewe. Luhende na suti yake. Nilimsalimu Ngosha kwa magoti, "Shikamoo, baba," naye akasema marahaba akiangalia pembeni. Nikawapa viti, nikawapa chai na sangara wa kukaanga, mimi nikakaa mkekani uso chini kama inavyompasa mkamwana. Mchungaji aliomba. Kisha akasema mume amekiri dhambi zake, je, mke ana neno?

"Nina swali dogo kwa baba Evelina," nikasema. "Siku ile ya nyayo za fisi, ulikuwa wapi?"

Luhende alitabasamu kwa huruma. "Nilikuwa nimekwenda kuuza pamba, nikalala huko. Niliporudi ng'ombe walikuwa wameshazikanyaga. Sikuona hata unyayo mmoja, na namshukuru Mungu sikuona."

"Na zilikuwa nyayo za nani?"

Aliinamisha kichwa. "Zilikuwa zako, mama Evelina. Lakini mimi nimekusamehe. Na Bwana amekusamehe."

"Amina," alisema mke wa Chenge, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nimesamehewa. Ndoo yangu ilikuwa na samaki naye alikuwa amesema mawe. Kwangu mimi ilitosha, nilishajua nani amekaa ndani ya suti ile. Lakini jambo halikuwa langu peke yangu, palikuwa na Evelina, na wale wengine hawakujua ndoo yangu ina nini. Nikamgeukia Ngosha, uso bado chini.

"Baba, wewe uliziona. Unakumbuka ulisema nini?"

Mzee alifikiri. "Nilisema fisi huyu ni kilema. Nyayo zilikuwa zinafanana mno. Sikuelewa."

"Ndiyo, baba. Mimi pia niliziona. Nakumbuka zote zilikuwa za mguu wa kushoto, kila unyayo mguu wa kushoto, na kucha zote nzima."

"Wa kulia," alisema Luhende. "Na ukucha wa pembeni ulikuwa umevunjika."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama alivyokuwa akisema Jumatano, akiwa na kipande cha samaki mkononi. Hata hakuacha kutafuna.

Ngosha aliweka kikombe chake chini.

"Luhende."

"Naam, baba."

"Ng'ombe walikuwa wameshapita."

Hapo ndipo alipoacha kutafuna. Alimtazama mchungaji, akanitazama mimi, akatazama mlango wangu wa mninga, uliokuwa wazi. Mzee Chenge, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, alimuuliza mkewe taratibu kwa Kisukuma fisi ana miguu mingapi, na mkewe akamwambia anyamaze.

"Ulikuwa wa kulia kweli," Ngosha aliniambia, na sasa alinitazama usoni. "Sasa nakumbuka. Ukucha ulivunjika. Wewe mwanangu ulisema kushoto kwa makusudi."

"Ndiyo, baba."

"Na mguu wenyewe uko wapi?"

"Niliuacha kihengeni, chini ya mtama, kwenye kipande cha shati lake. Ningeutoa mngesema ni wangu."

"Tungesema hivyo," alisema Ngosha. Alisimama, akamwambia Luhende watangulie nje wakaongee mambo ya kwao. Mchungaji alivua tai yake, sijui kwa nini, akaikunja na kuiweka mfukoni. Mke wa Chenge alibaki nyuma, akakusanya vikombe pamoja na mimi, akaosha nusu na mimi nikaosha nusu. Alipomaliza aliniuliza kama Evelina anajua kukaanga samaki hivi. Nikamwambia nitamfundisha.

Luhende hakurudi ndani. Nasikia anakaa Geita, bado ana suti. Evelina aliolewa baada ya mavuno na Ngosha ndiye aliyepokea ng'ombe, akanigawia wangu bila kuombwa. Bado namlaani Luhende, siwezi kusema uongo. Ila siku hizi ni baada ya chai tu.

Jumatatu ile nilifika getini mapema kuliko wote. Prudencia alikuwa amekalia ndoo yake.

"Jibu," alisema.

"Namuuliza bibi ndani ya ndoo yangu mna nini."

Alikubali kwa kichwa. Kisha nikamweleza la Jumamosi, lile la kusema kushoto.

"Hilo bibi yangu hakuwa nalo," alisema. "Kwamba unaweza usiulize kitu. Ukosee tu, yeye akukosoe."

"Ni kwa Luhende tu. Kigeugeu mwingine asingejali."

"Basi kisiwani tumeongeza mmoja."

Wenzetu walipofika alisimama, kitu ambacho hakuwa akikifanya, akatangaza fumbo la siku. Kuna fisi alitoka mlangoni mpaka zizini, na nyayo zake zote ni za mguu mmoja wa kulia. Fisi huyo yukoje?

"Amechoka," alisema Antoni kutoka ndani.

Odeta alimtazama Prudencia, akanitazama mimi, akaona nashindwa kuzuia meno yangu.

"Amevaa shati," alisema.

Akaingia wa kwanza.